Darasa la watoto 94: nipange vikundi au nirudishe safu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha shule ya msingi ya serikali katika wilaya moja ya mkoa wa Tabora. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini na nimepewa Darasa la Tatu, karibu masomo yote. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Darasa langu lina watoto 94 na madawati 26, yale ya meza na benchi vilivyoungana. Chumba nimekipima kwa hatua, ni kama mita tisa kwa saba. Ubao uko kwenye ukuta mfupi, madirisha yako pande zote mbili za urefu, mlango uko mbele karibu na ubao. Juu ni bati tupu, hakuna dari. Saa sita mchana mle ndani panawaka, na mvua ikianza kunyesha hata mimi mwenyewe sijisikii.

Nilipolipokea darasa lilikuwa limepangwa safu. Baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo kazini, tukaambiwa safu ni mtindo wa zamani, siku hizi mwanafunzi ndiye kitovu cha somo, watoto wakae kwa vikundi wajadiliane. Nilirudi na moyo kweli. Nikasukuma madawati mawili mawili yakatazamana, nikapata vikundi kumi na vitatu. Nikatengeneza chati, nikafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, nikaning'iniza kadi za maneno, vifuniko vya soda vya kuhesabia, picha za wanyama. Afisa Elimu Kata alipokuja alifurahi sana, akasema hili ndilo darasa linaloongea, akalipiga na picha.

Lakini kelele zimenishinda. Nikigeuka kuandika ubaoni tu, nyuma yangu darasa limechemka. "Mwalimu, huyu kanichukulia penseli!" "Mwalimu, huyu hataki kusogea!" Kona ya nyuma upande wa kulia ndiyo mbaya kuliko zote. Nikienda kule, kelele zinahamia mbele. Kipindi cha dakika 40, naona nafundisha robo yake tu, muda uliobaki wote nasema "kimya".

Juzi nilikusanya madaftari ya Hisabati, tulikuwa kwenye kutoa kwa kukopa. Waliokaa mbele wamejitahidi. Wa kona ile wamekosa karibu wote, na makosa yao yanafanana. Niliandika ubaoni 72 − 38. Madaftari manane yana 12 − 38, na yote manane yana jibu moja, 26. Nikajua wamenakiliana, nikawasimamisha mbele ya darasa. Mwalimu Mkuu akapita akaona. Akaniita ofisini, akaniambia sina udhibiti wa darasa, watoto wa siku hizi bila kiboko hawaendi, nirudishe safu na nishike fimbo.

Kiboko sikitaki. Nilichapwa mno nikiwa shule, Hisabati niliichukia mpaka kidato cha nne. Lakini nakosa la kumjibu maana darasa kweli limenishinda. Nikirudisha safu, Afisa Elimu Kata atasema nimepuuza mafunzo. Nikiendelea na vikundi, Mwalimu Mkuu atasema nimemkaidi. Nimeanza kufikiria kuomba uhamisho.

Naomba unishauri Mwalimu wangu: vikundi au safu? Na ile kona ya nyuma niifanyeje?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Nianze na yale madaftari manane, maana ndiyo yaliyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Mtoto asiyejua kutoa kwa kukopa hukosa jibu. Hawa wamekosa swali lenyewe. Ulichoandika ni 72, wao wameandika 12. Mmoja wao aliona 1 mahali palipo na 7, na wenzake ambao hawakuona kitu kabisa wakachukua kutoka kwake. Halafu litazame hilo jibu lao. Wamechukua 8 wakatoa 2, wakapata 6. Wamechukua 3 wakatoa 1, wakapata 2. Kutoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu ni kosa la kweli, utawafundisha upya kwa vijiti. Lakini watoto hao walishika penseli wakahesabu. Aliyeamua kutosoma hafiki kwenye 26.

Kwa hiyo ile kona si kona ya watukutu. Ni kona ya watoto wasioona ubao, na nina hakika nusu ya kelele unazozisikia kule zinatokana na hilo. Kesho, kabla hujawanyamazisha, sogea taratibu kama unakagua madaftari, usikilize wanachosema. Natarajia utasikia "pale kaandika nini?", "ile ni saba au moja?", "kichwa chako, sogea nione". Mtoto asiyeona ubao ana njia mbili tu, kumuuliza jirani au kucheza, na zote mbili zina sauti.

Sasa fanya jambo moja ambalo halina gharama. Watoto wakitoka mapumziko, andika ubaoni mstari wa namba kwa ukubwa uleule unaoandika kila siku, kisha nenda kakae dawati la mwisho la kona hiyo. Kaa benchini kabisa, inama mpaka kichwa chako kiwe kwenye usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka tisa. Soma. Fanya hivyo asubuhi jua likiwa chini, urudie saa sita. Mlango wako uko karibu na ubao, na dirisha la kwanza pia. Mwanga ukiingia kwa ubavu kwenye ubao uliochakaa unang'aa kama bati, na chaki inapotea. Ukiwa umesimama mbele huwezi kuuona mng'aro huo hata siku moja.

Ukishaona kwa macho yako, ndipo tuzungumze madawati.

Swali lako nalijibu hivi: kwa darasa lako, kwa sehemu kubwa ya siku, safu. Vikundi viwepo, lakini viundwe ndani ya safu hizohizo kwa muda unaoutaka wewe, bila kusukuma dawati hata moja. Waliokufundisha kwenye mafunzo hawakukudanganya kusema watoto wanajifunza wakizungumza. Tatizo ni kwamba saa nyingi watoto wako wanafanya kazi ya mtu mmoja mmoja: kusikiliza, kunakili, kukokotoa. Ukimkalisha mtoto ubavu kwa ubao halafu ukampa kazi ya kunakili ubao, umemgeuza shingo tu, na umemwekea wenzake sita au saba mbele ya macho. Rachel Wannarka na Kathy Ruhl walipitia tafiti kadhaa za mikao ya darasani mwaka 2008 na wakaona jambo ambalo walimu wengi wazee wanalijua: kwa kazi ya mtu binafsi watoto hutulia zaidi wakikaa safu, na wanaofaidika zaidi ni walewale wasumbufu. Kazi ikiwa ni ya kujadiliana, mkao wa kutazamana unasaidia. Mkao unaifuata kazi. Ukianza na mkao halafu kazi ndiyo iufuate, utahangaika kama unavyohangaika sasa.

Chumba chako kina upana wa mita saba. Kama madawati yako ni ya kawaida ya watoto watatu, kila moja linakaribia mita moja na robo. Panga manne kwa upana: mawili yagusane na kuta za pembeni, mawili yawe katikati, utabakiwa na kama mita mbili za kugawa njia tatu. Ni njia nyembamba, lakini unapita, na hilo ndilo la muhimu kuliko yote: kila mtoto awe mahali ambapo mkono wako unalifikia daftari lake. Katika vikundi vyako vya sasa nina hakika kuna watoto waliobanwa katikati ambao hujawahi kuwafikia.

Mbele acha hatua mbili kutoka ubaoni, maana wa mbele kabisa akikaa chini ya ubao anaumia shingo na anauona mshazari. Kisha shusha mistari: miwili ya katikati iwe na madawati saba saba, miwili ya ukutani iwe na sita sita. Hapo umemaliza madawati yako 26, na kona zote mbili za nyuma zimebaki tupu. Ile kona iliyokutesa haina mtu tena. Weka hapo ndoo ya maji, au kapu la vitabu.

Watoto 94 kwenye madawati 26 maana yake 16 yatabeba wanne na kumi yatabeba watatu. Wanne wanne wawe wale wenye miili midogo. Usiwabane wakubwa wanne kwenye benchi moja halafu utegemee mwandiko mzuri. Kiwiko hakina pa kukaa.

Halafu wazungushe. Mwaka 1970 watafiti wawili, Raymond Adams na Bruce Biddle, waliandika walichokiona baada ya kurekodi madarasa kwa kamera: mazungumzo mengi kati ya mwalimu na wanafunzi yalikuwa na wale waliokaa mbele na wale wa mstari wa katikati. Wengine walikuwa watazamaji. Mle kwako, mwenye bahati ya kukaa mbele Januari atakuwa na bahati hiyo mpaka Desemba usipoingilia kati. Kila Jumatatu asubuhi safu ya mwisho ije mbele, nyingine zirudi nyuma hatua moja. Wanaohama ni watoto, madawati hayaguswi. Baada ya majuma kadhaa wa ukutani wabadilishane na wa katikati. Ila wapo ambao hawatazungushwa. Mwite kila mtoto asimame nyuma ya darasa asome namba tatu ubaoni, jicho moja moja. Watakaoshindwa wakae mbele mwaka mzima na mzazi aitwe, ampeleke akapimwe macho. Fanya vivyo hivyo kwa masikio: simama nyuma yao, sema neno kwa sauti ya kawaida, warudie. Kwenye watoto 94 hutakosa kuwapata, na pengine wamo miongoni mwa uliokuwa ukiwaita wazembe.

Unapotaka vikundi, piga makofi: safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zinageuka na kuweka miguu upande wa pili wa benchi, zinatazamana na safu ya nyuma yao kwenye meza moja. Safu ya saba ina madawati mawili tu, hao wazungumze wenyewe. Dakika tano, saba, swali moja linalohitaji vichwa vingi: "Kwa nini 72 ukitoa 38 haiwezi kuwa 26? Thibitisheni kwa kujumlisha." Kisha makofi tena, wanarudi kutazama mbele. Siku nyingi hata hilo halihitajiki. Mtoto na jirani yake wa benchi wanatosha, na katika darasa kubwa mimi nawapenda wawili wawili kuliko wanane, kwa kuwa kwenye wanane wawili wanaongea na sita wanachora.

Ubao. Herufi na namba zako zisipungue upana wa vidole viwili kwa urefu, na 7 yako ipige mstari katikati ili isije ikafanana na 1. Tumia sehemu ya juu. Robo ya chini ya ubao waachie watoto wanaokuja kufanya maswali, maana waliokaa nyuma hawaioni kwa vichwa vya wenzao. Ubao uliong'aa hupakwa upya, rangi ya ubao inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wapo wanaofungua betri za zamani na kutumia ule unga mweusi. Usifanye hivyo, si kitu cha kupakwa mahali watoto wanapogusa kila siku. Kwenye dirisha la mbele linaloleta mng'aro ning'iniza kipande cha turubai au gunia saa zile za jua tu, kisha likunje hewa ipite.

Na hapa nina ombi ambalo ningeomba ulipiganie: ubao wa pili kwenye ukuta wa nyuma. Fundi apige lipu laini, ipakwe rangi nyeusi, basi. Baada ya kufundisha mbele, zoezi linaandikwa kwenye mbao zote mbili. Safu tatu za nyuma zinageuka na kunakili wa nyuma. Mtoto aliyekuwa mita sita au saba kutoka ubaoni sasa yuko mita mbili au tatu. Katika vitu vyote vinavyoweza kununuliwa kwa fedha kidogo katika chumba kama chako, sijui kingine kinachomgusa mtoto wa nyuma kama hicho. Shule yenu inapata ruzuku ya uendeshaji. Kazi ya lipu na kopo la rangi si jambo la kusubiri mfadhili.

Zile kamba. Najua umezitengeneza kwa mikono yako usiku, na kazi hiyo ina thamani. Lakini kadi zilizoning'inia katikati ya chumba ziko mbele ya macho ya mtoto wa nyuma kila anapotafuta ubao, na upepo ukipita zinacheza. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake katika chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto wa chekechea 24 masomo ya sayansi katika chumba kimoja, mara kikiwa kimejaa mapambo ukutani, mara kuta zikiwa wazi. Penye mapambo watoto walipoteza karibu asilimia 39 ya muda wakiangalia mengine. Kuta zikiwa wazi ilikuwa asilimia 28. Majibu sahihi kwenye maswali ya baadaye yalikuwa asilimia 42 penye mapambo na 55 pasipo nayo. Ni watoto wachache, na wadogo kuliko wako, lakini mwelekeo wake unaniingia akilini. Ondoa kamba. Vifuniko vya soda viingie kwenye makopo, viwe mikononi mwa watoto siku ya kuhesabu. Ukuta wa ubao ubaki mtupu. Kuta za pembeni ziwe na chati za mnachosoma mwezi huu tu, na kazi za watoto wenyewe.

Kuhusu joto na mvua, bati huliwezi, lakini ratiba unaiweza. Peter Barrett na wenzake wa chuo cha Salford, Uingereza, walipima vyumba 153 vya shule za msingi 27 na kuchapisha matokeo mwaka 2015: hali ya chumba, yaani mwanga, joto, hewa na mengineyo, ilieleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi katika mwaka mmoja. Na hizo ni shule za Uingereza, zenye dari na watoto kama 30 darasani. Hisabati na Kusoma viwe asubuhi. Saa sita na saa saba ziwe za michezo, sanaa, hadithi, au kusoma chini ya mti kama kivuli kipo. Kwa mvua, uwe na kazi ya kimya uliyoiandaa kabla, imekaa kabatini kwenye karatasi ya manila. Bati likianza kupigwa, usishindane nalo. Tundika manila, watoto wafanye, wewe pita katikati ya njia zako tatu ukisahihisha mmoja mmoja. Watoto wengine hawapati mwalimu wa karibu isipokuwa siku hizo.

Sasa utulivu wenyewe. Umesema ukigeuka kuandika, darasa linachemka. Basi usigeuke. Andika zoezi wakati wa mapumziko au kabla ya namba ya asubuhi, ulifunike kwa kanga mpaka wakati wake. Jacob Kounin alirekodi madarasa mengi huko Marekani na mwaka 1970 akachapisha alichokikuta: namna mwalimu anavyokemea baada ya fujo haikutofautisha madarasa yaliyotulia na yasiyotulia. Tofauti ilikuwa kabla ya fujo. Mwalimu wa darasa tulivu anaona kinachoendelea chumba kizima, watoto wanajua kwamba anaona, na anahama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kuacha ombwe.

Kwenye darasa la 94 maombwe hayo ndiyo yanayokula dakika zako. Kugawa madaftari, kwa mfano. Ukiita jina moja moja, kipindi kimekwisha. Kila mstari wa madawati uwe na kiongozi wake. Madaftari yanapita kutoka nyuma kwenda mbele, juu ya meza, kiongozi analeta rundo lake yakiwa yamepangwa. Penseli zichongwe asubuhi, na wembe usizunguke darasani. Uwe na kopo la penseli chache zilizochongwa, aliyevunjikiwa anabadilisha bila kukuomba. Anayetaka kwenda chooni anachukua kibao kilichotundikwa mlangoni, kibao kikiwa hakipo anasubiri. Ukitaka kimya piga makofi kwa mdundo, wao wajibu kwa mdundo uleule, mikono ibaki kifuani. Vitu hivi vifundishwe kama somo, kwa mazoezi, kwa kurudia, juma zima kama ni lazima, hata kama utachelewa kidogo kwenye azimio la kazi. Mtoto hajui namna ya kupitisha daftari mpaka aonyeshwe. Na punguza "mmeelewaaa?" "ndiyooo mwalimu!", maana jibu hilo linatoka hata kwa asiyeona ubao. Kata maboksi magumu, yapakwe rangi nyeusi, kila benchi liwe na kibao chake cha kuandikia kwa chaki. Wakivinyanyua juu unasoma darasa zima kwa mara moja.

Nije kwenye kiboko. Kanuni za mwaka 2002 za nchi yetu zinasema adhabu hiyo ni ya mkuu wa shule, au mwalimu aliyekabidhiwa kwa maandishi na kuidhinishwa kila inapotolewa. Haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Kushika fimbo darasani uifanye sehemu ya ufundishaji haimo humo. Wenzetu wa Kenya waliiondoa kabisa shuleni mwaka 2001, na madarasa yao yanaendelea. Lakini hata bila sheria, jiulize fimbo ingemfanya nini mtoto aliyeona 1 mahali pa 7. Ingemfundisha kutouliza jirani. Kesho angeandika chochote, au asiandike kabisa, na wewe ungepata kimya na madaftari matupu. Wewe mwenyewe umeniambia kilichokutokea na Hisabati. Usione haya kulikataa jambo hilo. Una haki, na kanuni ziko upande wako. Wale wanane uliowasimamisha, waite pembeni, waambie umegundua hawakuwa wanaona, uwape swali lao upya.

Kwa Mwalimu Mkuu usiende na mabishano. Nenda kabla hujabadilisha lolote, umwombe kwa heshima aje akae dakika tano kwenye lile dawati la kona, muda ule wa mng'aro, asome ulichoandika. Mwonyeshe madaftari manane. Kisha mwambie safu unazirudisha kama alivyotaka, na unaomba kitu kimoja, ubao wa nyuma. Afisa Elimu Kata akija, fundisha ukiwa na safu, na katikati ya somo piga makofi wageuke wajadiliane. Ataona vikundi vinaundwa na kuvunjwa kwa muda mfupi, na naamini hatakuwa na la kulalamikia.

Uhamisho usiuombe kwa sababu hii, mwanangu. Darasa la watoto tisini utalikuta Geita, utalikuta Mbagala. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto ambao wangebaki nyumbani wako shuleni, na mimi nafurahi kila nikiwaona. Vyumba ndivyo vilivyobaki nyuma. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba, wewe una zaidi ya mara mbili, na hakuna mpangilio wa madawati utakaofuta hilo. Kwa hiyo haya yote uyafanye huku Kamati ya Shule ikiandika barua ya kuomba chumba na mwalimu ili darasa ligawanywe mikondo miwili. Waambatanishe idadi ya watoto, idadi ya madawati na vipimo vya chumba kama ulivyoniandikia mimi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini halmashauri hupanga bajeti miezi mingi kabla. Barua ya mwezi wa sita itakuwa imechelewa. Iwe imefika wilayani kabla shule hazijafungwa Desemba.